Reli Pana na Reli Nyembamba: Faida Iko Wapi?

Mjini Tororo, chini ya ule mlima wa jabali uonekanao toka mbali, zipo nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli ambazo wenyeji bado huziita landhi. Huko ndiko nilikoianzia safari yangu ya mwaka 2025, safari ya kwenda Mombasa katika nchi jirani ya Kenya, na kurudi. Sikwenda kwa biashara wala kwa harusi. Nilikwenda kutafuta jibu la swali moja ambalo siku hizi huulizwa kambini, vituoni mwa polisi na hata jikoni: je, kuiacha reli yetu nyembamba na kuweka reli pana ni jambo la faida, au ni kujitwisha deni?

Nilipokewa na mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliutumia katika kazi ya kutengeneza njia. Aliandikwa kazi zamani za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda kuitazama reli ya jirani."

Nikamwambia ndivyo. Akaunyosha mkono wake wa kulia, akaniambia niutazame kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

"Reli yetu ina upana wa mita moja kamili. Reli pana ina milimita 1,435. Tofauti ni kama dhiraa hii moja tu. Sasa nenda ukaone kama dhiraa hii ina thamani ya fedha zinazotajwa. Na ukifika mahali njia hizi mbili zinapokutana, usipite upesi. Simama. Jibu liko pale."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo niliyoyachukua kama chakula cha njiani.

Kutoka Tororo hadi mpakani Malaba ni mwendo mfupi, lakini macho hupata mengi ya kuona. Malori yamejipanga, mengine yakingoja karatasi za forodha, mengine yakingoja dereva amalize kula. Shehena yake ndiyo maisha yetu ya kila siku: chumvi, ngano, mabati, mafuta ya kupikia, dawa, vitambaa vya sare za watoto wa shule. Na yale yanayokwenda upande wa pili yamebeba kahawa yetu. Nchi isiyo na pwani hulipa gharama ya njia mara mbili: hulipa inaponunua, na hulipa inapouza. Kila shilingi inayopotea njiani mkulima wa kahawa huipunjwa, na mke wa askari huiongeza anaponunua sabuni.

Nilizungumza na dereva mmoja aliyekuwa akinywa chai kando ya lori lake. Alinieleza kwamba usingizi wake aghalabu huupata ndani ya kichwa cha lori, na kwamba watoto wake humwona kama mgeni. Nilipomwuliza juu ya reli pana alicheka. "Ikija, bwana, mimi nitabeba mizigo ya karibu, nitalala nyumbani. Isipokuja, nitaendelea hivi hivi. Lakini ikija nusu, sisi sote tutapata hasara." Sikuyapima maneno hayo ya mwisho kwa wakati ule. Niliyakumbuka baadaye.

Kabla hatujaendelea na safari, yafaa tukumbushane historia kidogo. Waingereza walianza kuijenga reli hii kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na watu wapatao 2,500 kati yao walikufa kazini. Upana wa mita ulichaguliwa kwa sababu nyepesi: India ilikuwa na reli nyingi za upana huo, basi injini, mabehewa, mataruma na mafundi wangeweza kupatikana bila kungoja. Njia ya kupita Nakuru na Eldoret ilijengwa baadaye, nayo ikafika Kampala mwaka 1931. Kasese ilifikiwa mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe.

Wajerumani nao, huko Tanganyika, walijenga reli zao kwa upana huo huo wa mita. Wasomaji wetu walio askari watapenda kujua matokeo yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijenga njia ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, ikaendelea hadi ikaungana na reli ya Wajerumani upande wa Moshi. Kwa kuwa vipimo vilikuwa sawa, mabehewa ya Mombasa yaliweza kupita moja kwa moja kwenye reli iliyojengwa na adui. Vita vikaisha, na njia ile ikabaki. Maadui wawili, bila ya kupatana, walikuwa wamejenga kitu kinachounganika. Tuliweke jambo hili akilini.

Basi letu lilipanda taratibu nyanda za juu za Kenya. Karibu na Timboroa baridi iliingia hadi mifupani. Hapo reli ya zamani hupita juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kutoka barabarani mtu huweza kuona jinsi inavyojipindapinda. Hapa ndipo nilipoelewa sababu ya kwanza ya kutaka reli mpya. Wajenzi wa zamani walikuwa na fedha chache na baruti chache. Walipokuta kilima walikizunguka. Walipokuta bonde walilifuata. Reli nyembamba hukubali kona kali, na kwa hiyo ilijengwa kwa bei nafuu. Lakini treni inayopita kona kali juu ya mlima haiwezi kukimbia, wala haiwezi kuvuta mzigo mkubwa sana.

Wengine hudhani kwamba kubadili upana ni kazi ya kung'oa chuma kimoja na kukisogeza dhiraa moja pembeni. La hasha. Mataruma ya chuma ya reli ya mita ni mafupi, hayana budi kutolewa yote. Madaraja na tuta vyataka kuimarishwa au kujengwa upya. Na ukishamaliza yote hayo, zile kona za zamani bado zipo, basi hata hiyo reli pana itatambaa kama nyembamba. Ndiyo maana Kenya na Tanzania hazikuibadili reli ya zamani. Zilijenga nyingine mpya kando, iliyonyooka zaidi, na hiyo ndiyo sababu bei yake ni kubwa.

Kutoka Nakuru na Naivasha tuliteremka katika Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Huku ndiko reli pana ya Kenya ilikoishia ilipofunguliwa hadi bondeni mwaka 2019, baada ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, mwaka 2017, na kuongezwa kilomita 120 nyingine. Ilikusudiwa iendelee hadi Kisumu na Malaba, lakini mkopo wa kuiendeleza haukupatikana, kazi ikasimama. Pakajengwa bohari ya makasha, na kutoka hapo kipande kifupi cha reli ya mita cha kuiunganisha na stesheni ya zamani ya Longonot.

Nilikumbuka agizo la mzee, nikasimama nje ya uzio. Ng'ombe wa Wamaasai walikuwa wakilisha karibu, na upepo ulikuwa ukivumisha vumbi. Ndani, winchi kubwa ilikuwa ikifanya kazi yake: ilishuka, ikalikamata kasha, ikaliinua kutoka kwenye behewa, ikalisogeza, ikalitua. Kisha ikarudi kwa jingine.

Fikiri, ndugu msomaji, kuhusu siku ya uhamisho. Askari amepewa amri ya kwenda kituo kingine. Masanduku, magodoro, masufuria na kuku wa mama watoto vimepakiwa vizuri kwenye lori. Katikati ya safari mnaambiwa mteremke, mpakue kila kitu, mpakie kwenye gari jingine lililo dogo kuliko la kwanza. Hata kama hakuna kilichovunjika, siku imekwenda na wapagazi wanataka ujira. Hivyo ndivyo yalivyo makutano ya reli mbili zenye vipimo tofauti. Treni moja ya mizigo ya reli pana huweza kubeba makasha 108 ya futi 20, shehena ambayo malori 54 yangegawana, kila moja makasha mawili. Lakini faida hiyo huvuja kwenye winchi. Ni sawa na kuunga bomba la inchi nne na bomba la inchi moja: maji yatakayofika jikoni ni ya inchi moja.

Nairobi sikukaa siku nyingi. Asubuhi nilikwenda kwenye stesheni mpya iliyo nje ya jiji, upande wa Syokimau, nikapanda treni ya saa mbili. Nauli ya daraja la chini iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikuwa shilingi 1,500 za Kenya. Mabehewa yalikuwa safi, watu wameketi kila mmoja mahali pake, akina mama na watoto wao wamefungua vyakula, askari wawili wa likizo wamesinzia kabla hatujafika Athi River. Tulipita Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi. Kule Tsavo, ambako simba walitisha wajenzi mwaka 1898, reli mpya imepandishwa juu ya tuta refu na madaraja, na chini yake zimeachwa njia za tembo. Mara kwa mara niliiona reli ya zamani ikija karibu, ikipotea vichakani, ikirudi tena, kama mzee anayemfuata mjukuu wake kwa mbali.

Treni ile husimama vituo vingi, na safari yake ni ya saa kama sita. Ile isiyosimama ovyo hutumia saa tano hivi. Treni ya zamani ilikuwa ikilala njiani usiku kucha. Abiria wa Kenya, basi, amepata faida, na hakuna awezaye kumkana.

Upande wa mizigo mambo hayakwenda mepesi hivyo. Reli hii ilijengwa ili hasa ibebe mizigo; abiria peke yao hawawezi kulipa deni lake. Gharama ya kipande cha Mombasa hadi Nairobi ilitajwa kuwa shilingi bilioni 327 za Kenya, na sehemu iliyo kubwa kabisa ilikuwa mkopo kutoka China. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makasha ya bara yasafirishwe kwa reli. Wenye malori na watu wa Mombasa wakalalamika, na mwaka 2022 Rais William Ruto, mara tu baada ya kuapishwa, akairudisha Mombasa kazi ya kuondosha mizigo. Mfanyabiashara alikuwa na hesabu yake: kasha likifika kwa treni bado lilihitaji lori la kulipeleka bohari yake, na kasha tupu lilitaka kurudishwa. Chombo kizuri hakihitaji amri ili kipendwe, lakini hakina budi kimfikishe mtu mlangoni.

Nilipokuwa Mombasa nilikaa jioni moja karibu na maji nikiitazama mizigo ikishushwa melini, nikaanza kupanga mawazo. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Je, basi, reli pana ni kosa?

Tuwatazame na wengine. Huko Afrika ya Kusini iko reli ya kubebea mawe ya chuma kutoka Sishen hadi bandari ya Saldanha, kilomita 861. Upana wake ni milimita 1,067 tu, ambao ni karibu na wetu kuliko ule wa reli pana. Hata hivyo treni zake huvuta mabehewa zaidi ya 300 kwa mara moja, kwa sababu tuta lake ni imara, chuma chake ni kizito na kona zake ni chache. Kwa hiyo si kweli kwamba reli nyembamba lazima iwe dhaifu. Reli yetu imekuwa dhaifu kwa sababu ya kuzeeka na kuachwa bila matunzo.

India, kwa upande wake, ilianza mwaka 1992 mpango mkubwa wa kuziondoa reli za mita na kuweka pana. Lakini sababu yao kubwa haikuwa kupenda upana. Walikuwa na reli za vipimo mbalimbali ndani ya nchi moja, na mizigo ilikuwa ikihamishwa kutoka behewa hadi behewa. Walitaka kipimo kimoja. Tanzania nayo iliujua ugonjwa huo mapema. Reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina katika miaka ya 1970 ina upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za kusini, lakini haiwezi kupokezana mabehewa na reli ya kati ya mita, hata ikabidi pajengwe kituo cha kuhamishia mizigo huko Kidatu. Leo Tanzania ina reli pana ya umeme, iliyozinduliwa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na treni zake zaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Nayo itapimwa kwa kipimo kile kile: itafika wapi, na itakutana na nani?

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya dereva wa Malaba. Ubaya hauko katika reli pana wala katika nyembamba. Ubaya uko katika reli ya nusu. Kutoka Mombasa hadi Kampala, kama reli pana ingekuwa moja, treni ingepakiwa bandarini na kupakuliwa kwetu. Lakini kati ya Bonde la Ufa na Malaba paliachwa pengo la kilomita zipatazo 370. Serikali yetu ilitia saini, Oktoba 2024, mkataba wa kujenga kipande cha Malaba hadi Kampala, kilomita 272, kwa Euro bilioni 2.7, na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi. Ni kazi kubwa, na tunaitakia heri. Lakini ikumbukwe kwamba faida yake imo pia mikononi mwa jirani. Reli ya Malaba bila ya pengo lile kujengwa itakuwa na winchi mbili njiani badala ya moja: mzigo utatoka reli pana, uingie nyembamba, urudi tena pana.

Askari anaelewa jambo hili upesi kuliko mwanasiasa. Njia ya ugavi haipimwi kwa sehemu yake iliyo bora. Hupimwa kwa sehemu yake iliyo mbovu. Kikosi chenye malori mia mapya na daraja moja lililovunjika ni kikosi chenye njaa.

Kwa hiyo, wakati reli pana inangojwa, hapana budi reli ya mita itunzwe. Usitupe mbachao kwa msala upitao. Kenya wenyewe wametuonyesha njia. Reli ya Nairobi hadi Nanyuki ilikuwa imelala zaidi ya miaka kumi, imefunikwa na majani. Ilifufuliwa mwaka 2020 kwa kazi ya shirika la reli, vijana wa huduma ya taifa na wanajeshi, na gharama yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya reli mpya. Treni ya Kisumu nayo ilirudi mwishoni mwa mwaka 2021. Kwetu, kazi ya kuikarabati njia ya Tororo hadi Gulu ilianza mwaka 2023. Kazi za namna hii hazipigiwi ngoma kubwa, lakini ndizo zinazoshusha bei ya saruji na chumvi mapema. Na fundi anayejua kuitunza reli nyembamba ndiye atakayejua kuitunza pana. Asiyejua kuitunza ya kwanza ataiua na ya pili, tena kwa hasara kubwa zaidi.

Nilirudi Tororo siku ya tisa. Mzee nilimkuta ameketi pale pale, akimenya mihogo pamoja na mjukuu wake. Nikampa zawadi ya halua ya Mombasa, naye akaipokea kwa mikono miwili.

"Basi, mwanangu. Uliiona dhiraa?"

"Niliiona, mzee. Nilisimama pale ulipoagiza. Dhiraa ina thamani, lakini ikianza baharini na kuishia nyumbani. Ikikatika katikati, tumenunua winchi kwa bei ya reli."

Alinyamaza kidogo, akakitia kipande cha muhogo ndani ya maji.

"Vema. Sisi tulipokuwa kazini, mtu wa Tororo alikaza misumari na mtu wa Voi alikaza misumari, hatukujuana kwa sura. Lakini nilijua kwamba nikilegeza yangu, treni yake haitafika. Waambie hao wanaojenga sasa wajuane namna hiyo, wao na majirani. Upana utafuata."

Mlio wa injini ukasikika kutoka upande wa stesheni. Ilikuwa treni ya mizigo ya reli ya mita, ikivuta taratibu kuelekea Jinja. Mzee alihesabu mabehewa yake kwa midomo, bila sauti, hadi la mwisho lilipopita.